Mgeni wa Uani

Machi 3

Mvua ya kwanza imepiga leo mchana, na haikubisha hodi. Mteja aliyekuwa anajaribu sketi alikimbia nayo ikiwa nusu, pini zangu zote ziko kiunoni mwake. Kurasa za nyuma za daftari la vipimo ni tupu, nami sina kazi mpaka ikatike, basi naandika. Nimezoea kusema na cherehani, lakini cherehani haijibu. Mama naye anajibu, ila anajibu swali la jana.

Huko uani korongo limekula tena. Zamani lilikuwa mfereji tu, unauruka na ndoo kichwani. Leo ukisimama ukingoni unaona tumbo la mlima wetu: kijivu, chini yake nyekundu, chini yake nyeusi, halafu kijivu tena, kama majora ya vitambaa yaliyopangwa dukani. Wazee wanasema mlima huu ulitapika moto kabla ya babu wa babu zao, na mtaa wetu wote umejengwa juu ya matapishi hayo. Marehemu Baba alipochimba msingi alifurahi kwamba udongo ni majivu matupu, laini. Laini kuchimba, Baba! Hata maji yamelijua hilo.

Mama ndiye aliyelipa korongo jina. Lilipomeza uzio wetu wa nyuma alisema, "Muacheni, ni mgeni. Mgeni hafukuzwi." Mtaa mzima ukadaka. Sasa watu wanaamkiana, "Mgeni wenu kalalaje?" Na Mzee Redio, jirani yetu ambaye habari zote huzipata kabla hazijatokea, hujibu, "Kalala kwetu, kaamkia kwenu."

Machi 5

Mvua. Vifungo vya shati moja. Basi.

Machi 8

Kaka amepiga simu. Kaka yangu ni mtu wa maana, na hili nalisema bila kejeli. Aliondoka hapa na begi la kuazima, leo ana karakana ya magari huko mjini, ana mke, na watu wanamwita bosi. Amesema Mama afungashe, anakuja kumchukua Jumamosi.

Mama aliishika simu mbali na sikio, kama kawaida yake, akapiga kelele: "Njoo! Nakusubiri! Lakini sihami kwa simu, umesikia? Nitahama kwa kushikwa mkono!"

Baada ya hapo akaenda kufagia jiwe la uani. Hilo ni jiwe pana, jeusi, lenye vitundu vitundu kama lile la kusugulia nyayo. Baba alilibingirisha kutoka mlimani, likawa kipandio cha mlango wa nyuma. Kaka alipokuwa akiishi hapa hakujua kama nyumba ina mlango wa mbele. Siku zote uani: anaruka juu ya jiwe, huyo ndani, anafunua sufuria. Nikimlalamikia, Mama ananinyamazisha. "Mwana hapigi hodi kwao. Siku atakayonipigia hodi ndiyo siku nitakayojua nimempoteza."

Machi 10

Jumamosi. Hakuja. Kuna gari la mteja limemshika. Kesho.

Machi 11

Hakuja. Nimekata gauni la safari la Mama, la buluu, kola nyeupe. Alijipima mbele ya kioo, akageuka huku, akageuka kule, akauliza, "Mgongo wangu unanenepa kwa uzee au kwa ushonaji wako?" Halafu akalivua na kulikunja vizuri. Atalivaa siku Kaka atakayofika, si kabla.

Machi 17

Choo cha Mzee Redio kimekwenda na maji. Alisimama mtaani na mwavuli akitangaza, "Ndugu wasikilizaji, choo kimesafiri, ila nashukuru kimesafiri bila abiria." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nilipokwenda kununua uzi nikamkuta mkewe nyuma ya duka, amejifunika uso kwa mtandio, analia kimya kimya. Nikanunua uzi wa rangi nisiyoihitaji.

Machi 18

Mvua. Mama anafagia jiwe.

Machi 22

Leo amekuja mtaalamu wa miamba, kijana mwenye buti na kopo la rangi nyekundu. Ametia alama ya X kwenye kila mlango wa upande wetu. Mama alimtazama mpaka akamaliza, ndipo akasema, "Kijana, umenichora nyumba bila hodi."

Akaona haya yule kijana. "Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Haya, nieleze hiyo X. Sikusoma, ila kosa la hesabu nalijua likiwekewa alama."

Akatupeleka uani, akatuonyesha kwa fimbo. Chini kabisa ya korongo kuna mwamba mweusi, ule uliotiririka kama uji ukaganda. Juu yake yote ni majivu. Maji ya mvua yakizama kwenye majivu yanafika kwenye mwamba, hayana pa kwenda, yanatambaa juu ya mwamba chini kwa chini huku yanabeba majivu. "Kwa hiyo msiangalie juu," akasema. "Juu patakuwa pakavu, pamefagiwa, na chini hamna kitu. Pakibomoka hapakupi nafasi ya kusema."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama akajibu.

Nikamuuliza kuhusu Bwana Kofia. Hiyo ni nguzo ya udongo iliyobaki peke yake katikati ya korongo, ndefu kumzidi mtu, na bapa la jiwe juu yake. Akasema hakuna ajabu, jiwe ndilo linaloizuia mvua isipige kichwani mwa nguzo. Pembeni kote kumeliwa, palipofunikwa pamebaki. Na kofia ikianguka, nguzo haimalizi masika.

Serikali imetupa nafasi kwenye madarasa ya shule iliyoko kule juu. Watu wa mtaa watahamia huko. Mama amesema asante sana, akamfungashia kijana mapapai mawili, akarudi ndani na kufunga mlango wenye X.

Machi 23

Nimechukua utepe wangu wa kupimia nikaenda kupima toka ukingoni mpaka kwenye jiwe. Mama akaninyang'anya. "Unampima mgeni? Unataka kumshonea nini, sanda?" Nimekasirika sana, na nimeogopa zaidi ya nilivyokasirika.

Machi 29

Kaka. Karibu wiki tatu za kesho. Daraja bovu, spea haijafika, fundi wake anaumwa, mkewe anaumwa, yeye mwenyewe mgongo. Nimempa jina: Bwana Kesho. Leo nilimwambia waziwazi, "Kaka, nyumba ina X. Unajua X? Au mpaka tukuletee mlango uione?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nivumilie. Nakuja."

"Vumilia wewe. Mimi nalala na korongo."

Nikakata simu. Hakuna kitu kinachonichoma kama mtu mwenye uwezo anayejifanya hana nafasi. Mimi nilirudi hapa na cherehani moja baada ya ndoa kunishinda, na ndiye ninayemsugua Mama miguu. Yeye ndiye anayefagiliwa jiwe.

Mama alikuwa amesikia yote. Akasema, "Usimtukane. Mwana akikaa mbali sana huwa mgeni tu. Basi nina wageni wawili. Mmoja simtaki na haondoki, mmoja namwita na haji."

Alicheka peke yake. Mimi sikucheka.

Aprili 2

Mpapai umekwenda. Uliondoka wima, na majani yake, kama mtu anayeshuka ngazi.

Aprili 6

Mvua kutwa. Nimefanya mapatano na Mama, maana kumhamisha nimeshindwa. Nikipiga kelele "Mgeni kafika!" yeye anatoka mlango wa mbele. Hauliziulizi, hatafuti kiatu, hachukui hata picha ya Baba. Tukajaribu. Nikasimama uani nikapiga kelele, naye akatoka kwa mbele, taratibu, kwa madaha, shingo juu kama bibi harusi, akaniuliza barabarani kama nimeridhika au arudie.

Akarudia. Mara zote mbili alitoka mbele. Hili naliandika leo kwa furaha.

Aprili 9

Mzee Redio amehamia shuleni na mkewe, kitanda chao kwenye mkokoteni. Alipopita mlangoni kwetu hakutangaza chochote. Mama akamwita, "Redio, vipi leo?" Akajibu, "Betri, shemeji. Betri zimekwisha." Upande wetu wa mtaa tumebaki sisi tu.

Aprili 11

Choo chetu pia.

Aprili 14

Jua! Nimefua kila kitu. Ardhi ya uani imekauka juu, imekuwa nyeupe, safi, mtu anaweza kutandika mkeka akalala. Nikakumbuka maneno ya kijana wa rangi, nikakanyaga kwa kunyata kama mwizi. Kati ya jiwe na ukingo pamebaki kama upana wa chumba.

Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, anaota jua. Nikakaa karibu yake. Nikamwambia, "Mama, twende shuleni. Nakuomba. Mimi ndiye mwanao niliyepo."

Hakukasirika. Alinishika kidole, hiki chenye alama za sindano. "Najua wewe ndiye uliyepo. Ukiwepo wewe mimi sina wasiwasi, ndiyo maana nakuchosha. Lakini kaka yako akinikuta kwenye mkeka darasani, atajua kwamba nilihamishwa na maji. Mimi nataka ajue nilihamishwa na yeye. Hiyo itamsaidia nitakapokufa."

Ninampenda mama huyu mpaka naona uchungu mwilini. Na Bwana Kesho, Mungu anisamehe, sitaki hata kumsikia.

Nimeshaamua. Keshokutwa nitaazima mkokoteni uliobeba kitanda cha Redio, nitambeba Mama kwa nguvu. Ni mwepesi. Atanitukana njia nzima, na atanyamaza akichoka.

Aprili 20

Tulimzika juzi. Naandika kwa sababu mikono haitaki cherehani na kichwa hakitaki usingizi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tarehe 16 asubuhi Kaka alipiga simu. Alisema, "Niko njiani. Leo, dada. Nina lori." Nyuma yake nilisikia injini. Nilisema, "Sawa." Nilisema sawa kama unavyomwambia mlevi anayekuahidi shamba. Nikampa Mama simu, nikatoka.

Mama alioga. Akavaa gauni la buluu. Akaniita nimfunge kifungo cha shingoni. Nilipomfunga nikamwambia, "Mama, usijiumize moyo. Unamjua." Akaniambia, "Namjua. Wewe ndiye humjui." Akakaa kwenye kiti kando ya kitanda chake, mkoba mapajani, mlango wa chumba wazi.

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana. Haikuwa mvua ya kunyesha, ilikuwa ya kumwagwa. Mimi nilikuwa nimekwenda kwenye kibanda cha jikoni, pembeni mwa ua, kutoa masufuria niyaweke kwenye mkokoteni. Nilikuwa nimeinama. Nikasikia sauti chini ya miguu, kama mtu anayepasua kitambaa kipya kwa mikono. Sauti ninayoijua kuliko zote. Nikageuka, nikaona ufa umetoka ukingoni, unatembea kwenye ile ardhi nyeupe, unapita kati yangu na mlango wa nyuma.

Nikapiga kelele. "Mama! Mgeni kafika! Mgeni kafika, Mama! Mgeni!"

Tulikuwa tumepatana. Tulikuwa tumefanya mazoezi. Katika kichwa changu mgeni alikuwa mmoja tu duniani, kwa sababu yule mwingine nilikuwa nimeshamfuta. Kama ningemwamini kaka yangu kidogo tu siku ile, ulimi wangu ungetafuta neno jingine. Ningesema kimbia. Ningesema korongo. Neno korongo lipo, ni neno la kila siku, lakini mimi na Mama hatukuwa tumeambiana neno hilo kwa miaka.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama akasimama juu ya jiwe, na gauni lake la buluu na kola yake nyeupe. Alikuwa anacheka. Hakuniangalia mimi, aliangalia njia ya uani ambayo Kaka huingilia. Mvua ilikuwa inampiga usoni naye amefumba macho nusu. Akafungua mikono. Akasema, "Karibu, baba. Karibu, mwanangu."

Nikasema, "Mama, hapana!" Sijui kama ilitoka.

Akashuka. Hatua moja tu kutoka kwenye jiwe, kwenda kumpokea. Ardhi haikutetemeka, wala haikulia. Ilikuwepo, halafu haikuwepo, na Mama hakuwepo. Jiwe lilibaki.

Nilizunguka nyumba nikikimbia na kupiga mayowe. Nilipofika mbele, lori lilikuwa linasimama. Kaka akaruka chini, amelowa, amekonda nisivyomjua, na matope mpaka magotini kwa sababu daraja lilikuwa limefunikwa na alivuka akisukuma. Akapita mbele yangu akaingia ndani moja kwa moja. Hakupiga hodi. Nilimsikia humo ndani akiita, chumba kwa chumba, "Mama! Mama, nimekuja! Mko wapi?"

Walimpata jioni ile bondeni, majivu yanapomwagika na kutandaa kama mkeka. Mzee Redio ndiye aliyemwona, kwa ile kola.

Aprili 21

Watu wamejaa hapa darasani kwa ajili ya msiba. Mtu mmoja wa mbali alichungulia mlangoni akasema, "Jamani, kuna wageni wengine." Chumba kizima kikamgeukia. Hakujua alichosema, maskini, akadhani amekosea msiba.

Aprili 23

Kaka ameniuliza: "Alikuwa anafanya nini uani, na mvua ile?"

Nikamwambia sijui.

Aprili 27

Wifi yangu ameketi nami leo, tunaosha vyombo. Sikuwahi kumpenda, kwa sababu nilidhani ndiye anayemzuia. Akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba karakana ilifungwa mwaka jana. Walitolewa kwenye nyumba. Kaka alikuwa analala ndani ya lori la watu, na mchana anafyatua tofali za chumba kimoja. Paa walilipiga tarehe 15. "Alisema hawezi kumleta mama yake kwenye lori," wifi akasema. "Alisema anataka kwanza awe na mlango wa kumwingizia."

Nilidhani ni kiburi, kumbe ilikuwa aibu. Hata bosi hakuwa. Angesema tu! Lakini ningemsikiliza? Nilikuwa nakata simu.

Mei 4

Mvua inapungua. Nyumba imeanguka yote, ukuta wa mlango wenye X ukiwa wa mwisho.

Mei 5

Sijaandika. Sijashona.

Mei 19

Masika yamekwisha. Kesho tunaondoka na lori. Kaka amesema kile chumba ni changu na cherehani yangu. Leo asubuhi aliomba twende uani, yaani palipokuwa uani.

Korongo limekauka. Limepanuka mpaka barabarani, na chini mwamba mweusi unang'aa kama sakafu iliyosuguliwa. Bwana Kofia hayupo, kofia yake imeanguka. Lakini karibu na upande wetu imesimama nguzo mpya, nyembamba, na tabaka zake zote, kijivu na nyekundu na nyeusi. Juu yake limekaa jiwe la Baba. Limejifunikia majivu yake lenyewe. Kote kumeliwa, lakini kipandio cha mlango wa nyuma kipo palepale kilipokuwa, juu hewani, hakuna mlango, hakuna ua.

Kaka alilitazama sana. Halafu akauliza tena, bila kunigeukia. "Alikuwa anafanya nini uani, dada?"

Nilikuwa nimeamua nitakufa nalo. Nimeona nikifa nalo, atabaki akidhani Mama alikufa peke yake, akimsubiri mtu asiyekuja. Nikamwambia. Nikamwambia mapatano yetu, na neno nililopiga kelele, na jinsi nilivyokuwa simwamini. Nikamwambia kuhusu gauni, na mikono iliyofunguliwa. "Alidhani ni wewe. Alikuwa anacheka. Alisema, karibu, baba."

Nilingoja anipige, au anitukane. Ningeshukuru. Yeye alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akasogea ukingoni kuliko inavyofaa, mpaka nikamshika shati. Na huyu kaka yangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kubisha kwenye nyumba ile, akaliangalia lile jiwe, akasema polepole:

"Hodi, Mama."

Nilimshika shati mpaka mshono ukaachia. Hatukuondoka mpaka jua likawa kali.